Asante yenye sababu

Kwa Waganda, aliyemaliza kula humwambia mpishi "webale kufumba", asante kwa kupika. Kitendo kinatajwa. Shukrani yenye nguvu iko hivyo hivyo, na wengi wetu tunaipoteza tunapobaki na "asante" tupu ya mdomoni.

Chukua daftari la kurasa 48 na siku moja ya wiki, tuseme Jumapili jioni. Dakika 15 zinatosha. Andika mambo ya kushukuru yasiyozidi matano, kila moja likiwa na mtu, alichofanya, na mzigo aliokupunguzia. "Namshukuru jirani" haikupi kitu. Afadhali: "Jirani alianua nguo mvua ya Jumanne ilipoanza, nami nimekwama kwenye foleni ya magari Wandegeya, Kampala, sare ya mtoto ikabaki kavu." Hapo unaona kamba, mvua na mikono ya mtu. Picha ndiyo inayoamsha moyo.

Robert Emmons na Michael McCullough, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 jaribio la namna hii la wiki 10: walioorodhesha shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioorodhesha kero. Basi usipime kwa siku tatu.

Kosa la kawaida ni pupa. Anayeandika kila siku huishia kurudia "uhai, afya, familia" mpaka maneno yanachakaa. Ukikosa la kuandika, fikiria kitu kimoja ulichozoea hakipo tena: bomba la mtaani limekauka, unabeba jerikeni kutoka chemchemi ya bondeni. Mistari itakuja.

Kosa baya zaidi ni "afadhali mimi kuliko yule". Huko ni kujipima kwa shida ya mwenzako, na kesho ukikutana na aliyekuzidi, amani yote imekwisha.

Wala shukrani haifuti deni. Mshahara uliocheleweshwa udai, na huzuni inayokunyima usingizi wiki kadhaa ipeleke kituo cha afya. Aliyefiwa asilazimishwe daftari.

Kabla ya Jumatano, mfikishie mmoja wa uliowaandika mstari wake, uso kwa uso au kwa simu. Taja kitendo, taja mzigo aliokupunguzia, kisha nyamaza. Usiunganishe na ombi: "asante kwa juzi, na leo naomba elfu kumi" humfanya aone ulikuwa unamwandaa.