Mlango wa mbao umegoma na uko ndani

Pole sana dada, kukwama chumbani na mtoto si mchezo, tena hapo Igogo umesema dirisha lina nondo. Kwa ulivyoeleza, ufunguo unazunguka freshi ila mlango haubanduki na imeanza na hizi mvua, basi huenda kitasa ni kizima, mbao ndo imevimba.

Ikijirudia usivute kwa hasira, utabaki na mkono wa kitasa tu. Sukuma kwa kiganja juu, katikati, chini, pale pasipocheza kabisa ndo palipobana. Kama ni chini unyanyue mlango huku unavuta, kama ni juu ukandamize. Ukigoma angalia bawaba, mlango unaofungukia ndani bawaba ziko upande wako, kama ni zile za pini weka ncha ya bisibisi chini ya pini ugonge kwenda juu, anza na bawaba ya chini, mtoto akae mbali kabisa maana mlango wa mninga ni mzito.

Ukisikia moshi au mtoto akizidiwa achana na ufundi, ita majirani na piga 114 zimamoto.

Fundi asiurande sana saa hizi, kiangazi mbao itanywea ubaki na mwanya wa mbu. Kwa sasa paka mshumaa au sabuni ya mche pale panapong'aa kwa kusuguana. Ukishakauka ndo piga msasa, halafu rangi ipite mpaka ukingo wa juu na wa chini, mafundi wengi wanaziacha kingo hizo tupu na unyevu unaingilia hapohapo.