Re: Baiskeli kwenye njia za msituni juu ya Minehead

Poa mkuu, umeuliza njia ipi kule North Hill, kile kilima cha juu ya mji wa Minehead Uingereza, unaruhusiwa kupita na baiskeli maana zote zinafanana. Cheki kwanza rangi ya mshale kwenye nguzo, njano ni ya miguu tu, bluu ni ya farasi na baiskeli ruksa tangu sheria ya 1968 ila lazima uwapishe watembea kwa miguu na wenye farasi. Ile alama ya tunda la mwaloni isikuchanganye, inaonyesha tu ni njia ya pwani ya South West, haikupi ruhusa, we fuata mshale. Kwenye ramani ya OL9 (ramani ya Ordnance Survey ya eneo hilo la Exmoor) vistari vya kijani virefu ndo vya farasi, vifupi vya miguu. Na ukimkuta farasi mbele usimtokee kimya kimya kwa nyuma, ongea mapema, akishtuka ni balaa.