Nyumba ninayo, mkopo nanyimwa: nimpe hati yangu?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa. Nyumba tunayoishi ni yangu na mume wangu, tuliijenga kidogo kidogo kwa miaka 11 na haidaiwi. Lakini mimi binafsi nina madeni matano: mkopo wa mshahara benki, mikopo mitatu ya kwenye simu ambayo nakopa huku nalipa kule, na fedha za mfanyakazi mwenzangu. Mume wangu anaujua ule wa benki tu. Ndani ya miezi miwili nimeomba mkopo sehemu nne ili nilipe yote nibaki na deni moja, na kote nimekataliwa. Sasa kuna mtu yuko tayari kunipa fedha ndani ya siku mbili, ila anataka nimwachie hati na nisaini karatasi ya mauziano ya nyumba. Anasema ni ya usalama tu, ataichana nikimaliza kulipa. Hati nimeshaitoa sandukuni, iko kwenye mkoba wangu wa kazini. Nifanyeje?
Nisiyelala

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, itoe hiyo hati kwenye mkoba uirudishe sandukuni. Mengine tuyazungumze ikiwa imesharudi.

Karatasi ya mauziano ni karatasi ya mauziano. Ukiisaini, kwa maandishi umeuza, na siku mtakapokorofishana yeye atakuwa na saini yako, wewe utakuwa na maneno yake ya mdomoni. Mkopeshaji wa halali anayetaka nyumba iwe dhamana haandiki kwamba ameinunua. Anaandika rehani, anaisajili, na katika nchi nyingi sheria inamtaka akupe notisi kabla ya kuinadi. Tena ikinadiwa, anachukua anachokudai na gharama zake, kinachobaki ni chako. Kwa huyu mtu anayetaka saini yako hakuna kinachobaki. Deni linaweza kuwa sehemu ndogo tu ya thamani ya nyumba, naye akaondoka na nyumba nzima. Na nyumba yenyewe si yako peke yako. Unataka kusaini jasho la miaka 11 la watu wawili, na mmoja wao hana habari.

Umeuliza, bila kuuliza, kwa nini benki inakukataa ilhali nyumba unayo. Watu wengi linawaumiza hilo, wanaona kama wamedharauliwa. Ila fikiria upande wa mkopeshaji: nyumba haileti rejesho la kila mwezi, mshahara ndio unaolileta. Kuinadi nyumba ya mtu ni kazi ndefu, ina mawakili, ina mahakama. Kwa hiyo kwanza wanatazama unapata kiasi gani, kiasi gani tayari kinakwenda kwenye madeni mengine, na huko nyuma ulilipa vipi. Mshahara wako una mikono mitano inayouvuta. Hapo ndipo wanapokataa, hata ukiwa na nyumba tatu.

Na kila ulipoomba, yaelekea maombi yako yaliandikwa kwenye taarifa zako za mikopo, yaani kumbukumbu ya unavyokopa na kulipa ambayo wakopeshaji huitazama. Maombi manne ndani ya miezi miwili yanasomeka kama mtu anayehangaika, kwa hiyo la tatu lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Acha kuomba kwa muda. Badala yake, omba nakala ya hizo taarifa zako. Nchi nyingi zinakupa haki ya kuziona, mara nyingi bure angalau mara moja kwa mwaka. Zipitie mstari kwa mstari. Unaweza kukuta deni ulilokwishalipa bado linaonekana wazi, au kuchelewa ambako hukuchelewa. Kosa la namna hiyo unaliandikia barua ya kulirekebisha, unaambatisha risiti.

Sasa lile wazo la kukusanya madeni yote yawe moja. Sikulaumu, linavutia, lakini nataka ulione kwa hesabu. Chukua deni la 100,000 lisilo na dhamana, riba 18% kwa mwaka, la miaka 3. Kila mwezi utalipa kama 3,615, na ukimaliza utakuwa umetoa takriban 130,000. Deni hilohilo liweke juu ya nyumba kwa riba ya chini, 12%, lakini kwa miaka 15. Rejesho linashuka hadi 1,200 kwa mwezi na unapumua. Ukimaliza utakuwa umelipa 216,000, na kwa miaka yote hiyo nyumba ilikuwa kifungoni. Mikopo ya simu haikuwa na uwezo wa moja kwa moja wa kukutoa ndani ya nyumba yako. Ukiilipa kwa rehani, umeutoa uwezo huo wewe mwenyewe. Kwa hiyo mimi nasema kule kukataliwa kumekuacha na paa lako.

Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo, ila dawa hii hainywewi yote siku moja. Chukua daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa. Andika kila deni: unadaiwa kiasi gani leo, riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, tarehe ya kulipa, na wakikosa kulipwa wanaweza kukufanya nini. Wengi huiruka safu hiyo ya mwisho. Juu ya hayo matano yaje yale ambayo yakikosekana familia inakosa kuishi: kodi ya jengo, umeme, maji, chakula. Hayo hayaguswi hata anayepiga simu akifoka.

Kisha mikopo ya simu, maana hiyo ndiyo inayokukausha damu. Riba ya 10% kwa mwezi inaonekana ndogo ukiitazama kwenye kioo cha simu. Ikiachwa ijiongeze juu ya yenyewe, 1,000 inakuwa zaidi ya 3,100 baada ya miezi 12. Leo hii, acha kukopa huku ulipe kule. Najua maana yake ni kwamba mmoja kati ya hiyo mitatu utachelewa mwezi huu. Chelewa, lakini piga simu kabla ya tarehe, useme unaweza kutoa kiasi gani na lini. Benki nayo iendee mapema, uombe kupangiwa upya marejesho. Wakikubali, waandike. Ukipata nafuu hapo, yote ielekeze kwenye ule wenye riba kali kuliko yote, mingine ilipe kiwango cha chini tu. Ukiisha huo, fedha yake ihamie kwa unaofuata.

Mwenzako wa kazini usimtumie ujumbe. Mfuate, umtazame usoni, mpangie kiasi kidogo ambacho hutakikosa.

Kama unaogopa kuongea na wanaokudai kwenye simu, nakuelewa sana. Niliwahi kudaiwa hadi nikawa nailaza simu yangu kifudifudi mezani, nisiuone mwanga wa namba ile. Wiki tatu nilikaa hivyo. Nilipoipokea, mama wa upande wa pili aliniuliza tu ninaweza kulipa kiasi gani mwisho wa mwezi, akaandika, tukaagana. Wapo wakali, tena wapo wanaotukana na kupigia ndugu zako. Hao nao andika tarehe, saa na walichosema, maana sehemu nyingi wana mamlaka inayowasimamia na malalamiko yanapokelewa. Na akitokea wa kukwambia lipa ada kwanza ndipo akutolee mkopo, kata simu. Huyo hana mkopo wa kukupa.

Limebaki la mumeo, na naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko riba. Usimwambie kipande leo na kipande wiki ijayo, kila kipande kitamuuma upya. Subiri watoto walale, weka daftari mezani likiwa na madeni yote matano, umwache alisome mwenyewe hadi mwisho. Huenda akakasirika. Mwache akasirike. Akitulia mtakuwa wawili mnaoitazama hesabu moja, na mnaweza hata kuangalia kama kuna chumba cha kupangisha bila hati kutoka mikononi mwenu.

Na mwambie hati ilikuwa wapi asubuhi ya leo.