Wasomaji Wauliza: Istanbul kwa Mfuko Mwembamba

SWALI: Nina siku nne Istanbul mwezi wa Novemba na fedha za kuhesabu. Nasikia kiingilio cha msikiti wa Ayasofya (Hagia Sophia) peke yake ni yuro 25. Kuna cha kuona bila kumaliza akiba? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kipo, tena kingi kuliko siku zako. Mji huu ulikuwa makao ya dola tangu mfalme wa Kirumi Constantine alipouzindua mwaka 330 hadi usultani ulipofutwa mwaka 1922, na mengi yaliyojengwa na masultani ni misikiti, isiyotoza kiingilio.

Anzia msikiti wa Süleymaniye. Ulikamilishwa mwaka 1557 na msanifu majengo Mimar Sinan, na makaburi ya Sultan Süleyman na mkewe Hürrem yamo humo humo bustanini. Ukisimama ukutani upande wa kaskazini, ghuba ya Haliç yote iko chini yako. Wengi huukwepa mlima wake, ndiyo maana utapata utulivu ambao mtaani Sultanahmet haupo.

Msikiti wa Sultan Ahmed nao ni bure, ila wageni hawaingii nyakati za swala, na Ijumaa hadi swala ya Ijumaa iishe. Anayefika adhuhuri hukuta mlango umefungwa. Wewe fika saa tatu asubuhi. Kanga yako inatosha kujistiri kichwa. Beba na mfuko wa viatu.

Zile yuro 25 za Ayasofya, zilizoanza Januari 2024, ni za watalii, nao hupandishwa roshani ya juu. Anayekwenda kuswali hupita mlango mwingine, hukaa chini, wala halipi. Kama ni Mwislamu, nenda ukaswali. Hata hivyo picha za vigae za Kibizanti, za enzi Ayasofya ilipokuwa kanisa, zilizo bora ziko roshani, kwa hiyo kama lengo lako ni hizo, tungekushauri ulipe na ujinyime kwingine.

Ukibakiwa na fedha ya kiingilio cha pili, chagua kasri la Topkapı, lakini si Jumanne: siku hiyo hufungwa. Soko la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Na angalia sana jina: kituo cha tramu ya T1 kiitwacho Topkapı hakiko kasrini, kiko mbali magharibi. Kwa kasri shuka Gülhane au Sultanahmet. Kile kingine kiache kwa siku yako ya mwisho, kwani kiko kwenye ukuta wa mji wa mfalme Theodosius wa karne ya 5, uliopigwa mizinga ya Sultan Mehmed wa Pili mwaka 1453. Kutoka hapo tembea kando ya ukuta hadi Edirnekapı, hakuna tiketi. Nenda mchana.

SWALI: Nilipanda treni ya Marmaray kutoka Sirkeci hadi Üsküdar, kituo kimoja tu, kadi ikakatwa zaidi kuliko kwenye tramu. Kadi ni mbovu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kadi ni nzima. Marmaray hutoza kwa umbali. Ukiingia, mashine hukata nauli ya safari ndefu kuliko zote, kwa kuwa haijui utashuka wapi. Ukitoka lazima uigusishe Istanbulkart, yaani kadi yako ya nauli, kwenye mashine ndogo yenye neno *iade* (rejesho), karibu na milango ya kutokea, ndipo tofauti inarudi. Usipofanya hivyo, imekwenda. Metrobus, basi la njia yake maalum, ni vivyo hivyo. Kwa safari yako hiyo, feri ya Eminönü hadi Üsküdar haina hesabu hizo, na utaona kasri na misikiti yote ukiwa majini.

SWALI: Nibadili fedha wapi, na nile wapi? – Msomaji, Muscat

JIBU: Uwanja wa ndege badili kidogo tu, ya kununulia kadi na kufikia mjini, kiwango bora kiko kwenye maduka yaliyo jirani na Kapalıçarşı. Mashine ya benki ikikuuliza ikate kwa sarafu ya nchi yako, kataa, chagua lira, la sivyo itajipangia kiwango chake.

Chakula tafuta *esnaf lokantası*, mikahawa ya mafundi na wauza maduka, ambako vyakula vimepangwa kwenye sinia na unaonyesha kwa kidole. Supu ya dengu, maharage meupe na wali vinashibisha, na mkate kwa kawaida haulipiwi. Wahi kabla ya saa saba mchana, maana sinia zikiisha hawapiki tena.