Uliza Fundi: Nikibonyeza Ctrl-C dirisha linabaki kwenye skrini

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nachezea Amiga 500, ile kompyuta ya zamani, kwenye emuleta ya laptop (programu inayoiigiza), naandika C. Nina kaprogramu kanafungua dirisha, kanachukua memori kwa AllocMem halafu kanachapa namba kwa printf. Nikikaacha kamalize kenyewe hakana neno, ila nikikakatiza na Ctrl-C kanaondoka, dirisha linabaki pale halifungiki, na nikiandika amri ya avail naona memori imepungua. Mbona Linux hainifanyii hivi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Linux haikufanyii hivyo kwa sababu kernel yake (kiini cha mfumo) inaweka hesabu ya kila ulichokopa, programu ikifa inachukua vyake. AmigaOS, mfumo wa Amiga, haina habari hiyo, na A500 ya 1987 ilitoka na memori ya KB 512 tu, kwa hiyo ukivujisha unaisikia haraka. Ulichofungua ufunge mwenyewe, usipofunga dirisha linabaki na hamna tena anayesikiliza kitufe chake.

Sasa kwenye Amiga Ctrl-C yenyewe haiui programu, ni bendera tu inapandishwa. Anayekuua ni laibrari ya C ya kompaila wako, inaichungulia hiyo bendera kila ukiita printf na ikiikuta imepanda inaita exit hapo hapo, kwa hiyo ile mistari yako ya kufunga vitu mwisho wa main haifikiwi kabisa. Ungetumia malloc laibrari ingekurudishia memori yenyewe, AllocMem haiijui.

Tiba ya haraka ni atexit, ya kusajili fanksheni itakayoitwa exit ikiitwa. Andika fanksheni moja, iite funga(), isajili mwanzoni mwa main kabla hujafungua chochote. Pointa zako ziwe za nje ya main zianze na NULL, na kila moja uipime kwanza: if (win) CloseWindow(win), maana ukiipa CloseWindow NULL unaita Guru Meditation (ujumbe wa Amiga ikianguka). Anza na dirisha, kisha memori, IntuitionBase (pointa ya laibrari ya madirisha) iwe ya mwisho, na FreeMem uipe saizi ile ile uliyoombea, sio ya kukisia. Ila ujue abort() haipiti kwenye atexit.

Mimi lakini napenda uishike Ctrl-C mwenyewe. Zima ule uchunguliaji wa laibrari (kila kompaila ina njia yake, angalia kitabu chake) halafu ndani ya luup weka mstari huu, unaisoma bendera na kuishusha:

if (SetSignal(0, SIGBREAKF_CTRL_C) & SIGBREAKF_CTRL_C) break;

Kama unasubiri kwa Wait(), changanya SIGBREAKF_CTRL_C na biti ya UserPort (mlango wa ujumbe) ya dirisha lako, ukiamka uangalie nani kakuamsha. Hapo unatoka pale unapotaka wewe, sio katikati ya kuandika faili, na funga() unaiacha bado kama akiba.

Na huko Linux usijisahau, watu wanajaza free na printf ndani ya hendla ya SIGINT (fanksheni inayoitwa ishara ya Ctrl-C ikija), siku moja inaganda kwa sababu ishara imeingia malloc ikiwa katikati ya kazi yake. Hendla iweke 1 kwenye kigeu cha aina ya volatile sig_atomic_t basi, kusafisha kufanyike kwenye luup.

Hilo dirisha lililobaki sasa hivi usihangaike nalo, riset tu.