Mtoto kashuka nafasi mtihani wa mwezi? Utazame mwezi kwanza

Waalaikumu salaam, kaka. Umeuliza kuhusu kijana wako wa kidato cha kwanza anayekaa kwa bibi yake huku Pemba, wewe ukiwa Unguja kikazi. Februari alikuwa wa 7, Machi akawa wa 31, Mei wa 19, na Agosti kaporomoka hadi wa 44, darasa la watoto 68. Unataka kujua umlete mjini umtie skuli ya binafsi, au umlipie twisheni huku huku. Waliotangulia washatoa rai zao: mmoja kasema simu, mwengine kasema marafiki, na yule wa tatu kasema ni kijicho, apelekwe akasomewe. Kusomewa hakumdhuru mtoto, na asomewe. Mimi nitajibu kwa upande ninaoujua.

Nasomesha Hisabati skuli ya msingi na kati, upande wa Wete. Watoto tunawapokea hata kufunga viatu hawajui, wanaondoka wakishafanya mtihani wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Mwalimu wa darasa nimekuwa miaka mingi, na kazi ya kukusanya alama za kila mwezi, kuzijumlisha, kupanga majina na kuibandika karatasi ukutani ni yangu. Kwa hiyo hiyo picha ya karatasi ya nafasi uliyorushiwa kwenye WhatsApp naijua inavyopikwa.

Kaka, kwenye uzi wako wote hukuandika alama hata moja. Umeandika nafasi tu. Na nafasi ni kitu cha mwisho kukitazama. Darasa langu, na madarasa mengi ninayoyajua, lina watoto wachache juu wenye wastani wa sabini na kupanda, wachache chini waliokata tamaa, halafu katikati kuna msongamano kama wa gari ya shamba siku ya gulio: watoto thelathini, arubaini, wote wamebanana baina ya 45 na 55. Ukiwa mule ndani, wastani wako ukishuka kutoka 54 hadi 49 unaweza kupitwa na watoto ishirini, na hapo hujasahau chochote cha maana. Wa kwanza anaweza kupoteza alama kumi na akabaki wa kwanza, akapigiwa makofi mstarini. Sasa huyo wako kutoka wa 7 hadi wa 31 kapoteza alama ngapi? Inaweza kuwa ishirini, na hapo pana neno. Inaweza kuwa nne.

Halafu kuna mtihani wenyewe. Huu wa mwezi hautungwi na Baraza. Kila mwalimu anatunga wake, na wa Februari kwa kidato cha kwanza mara nyingi nusu yake ni mambo ya msingi ambayo mtoto kaja nayo. Ifikapo Agosti tuko kwenye mambo mapya matupu. Alama 60 ya Februari na 60 ya Agosti si kitu kimoja. Wazee wakinijia mimi huwaambia waulize suali moja: mtoto wa katikati kapata ngapi? Katika 68, mtazame wa 34. Kama Februari wa 34 alikuwa na 58 na Agosti ana 43, basi mtihani ulikuwa mgumu kwa darasa zima, na usimkamate mtoto wako peke yake.

Haya, tuje kwenye miezi.

Machi ilikuwa Ramadhani, mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa mwezi huo. Vipindi vinafupishwa, mtoto kaamka daku, usiku kasali tarawehe, saa nne asubuhi keshachoka. Mada inayotaka wiki mbili inapitishwa mbio mbio. Watoto wa kidato cha kwanza ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ndiyo kwanza wanaanza kuizoea skuli ya masomo mengi na walimu wengi. Na ukumbuke Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kwa 2026 mwanzo wake ni katikati ya Februari. Atakayelinganisha Februari ya 2025 na Februari ya 2026 atakuwa analinganisha mwezi wa kula na mwezi ulioingiliwa na mfungo.

Mei ni masika. Njia za udongo huku kwetu zinateleza, mabonde yanajaa, kuna watoto wanaofika skuli viatu mkononi na madaftari ndani ya mfuko wa plastiki. Na huyo wako mwezi huo alipanda kutoka wa 31 hadi wa 19! Katika namba zote ulizoweka, hiyo ndiyo iliyonisimamisha, na hakuna hata mmoja aliyeigusa. Mtoto aliyepotea hapandi mwezi wa Mei.

Agosti sasa. Hapa kabla hujamuuliza mtoto, muulize bibi yake: karafuu mwaka huu vipi huko kwenu?

Wewe ni mtu wa Pemba, sina haja ya kukufundisha, lakini ukikaa mjini muda mrefu mtu husahau. Mikarafuu ikizaa, kijiji kinahamia mashambani. Vijana wanapanda, wadogo wanaokota zilizoanguka, na usiku nyumba nzima inakaa kitako kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, mpaka saa tano, saa sita za usiku, kwani zikilala lundoni bila kuanikwa zinavunda na bei inaanguka. Asubuhi zianikwe kwenye majamvi, na likitanda wingu lazima awepo mtu wa kuzianua. Kidato cha kwanza ni umri ule ule wa kuambiwa "wewe mkubwa sasa". Halafu analipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu alizochuma. Mtoto aliyejinunulia viatu kwa mkono wake, ukimwambia hesabu za asilimia zitamfaa siku za mbele, anakuitikia kwa adabu na macho yake yako mtini.

Karatasi za mtihani za miezi hiyo nikizisahihisha nyumbani zinanukia karafuu. Pembezoni zina alama za vidole, rangi ya hudhurungi. Swali la kwanza hadi la nne kajibu vizuri, la tano kaanza, kuanzia la sita ni tupu. Hapo huhitaji mganga wala mtaalamu wa saikolojia, mtoto kalala juu ya meza.

Simlaumu bibi. Fedha za karafuu ndizo zinazolipa deni la dukani na kuezeka banda. Wazee wetu wanakumbuka skuli za huku zikifungwa khasa ili wanafunzi wakachume. Nnachosema ni kwamba nafasi ya 44 ya Agosti, kama msimu ulikuwa umeshika, ni habari ya karafuu kabla ya kuwa habari ya akili. Kuna njia ya kuhakikisha: mwambie mwalimu wa darasa akutazamie kwenye rejista Agosti kahudhuria siku ngapi. Kama siku za kutokuwepo zimejaa, jawabu umelipata bila ya kulipa hata shilingi ya twisheni. Kama alikuwepo siku zote na bado kashuka, hapo ndipo tukae tuzungumze.

Septemba nayo usiitarajie miujiza. Kuna maadhimisho ya elimu bila malipo, ile iliyotangazwa na Mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964, na watoto wenye mbio, mpira na ngonjera wanatolewa madarasani kwa mazoezi. Mimi napenda, watoto wanachangamka. Lakini mwalimu wa Hisabati ndiye anayeibiwa vipindi.

(Wenye mabinti mnaosoma hapa: mkiona binti hayupo siku tatu nne kila mwezi na tarehe zinakaribiana, msimtukane kuwa mvivu, huenda ni siku zake za hedhi. Nendeni mkatazame choo cha skuli kama kina maji na mlango unaofungika. Mara nyingi ndiyo hapo penye tatizo.)

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, na halionekani kwenye karatasi ya nafasi. Lugha. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, ukiacha Kiswahili, Dini na Kiarabu, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kuna wanaokuja na Kiingereza cha kutosha na kuna wanaokuja na salamu tu. Miezi miwili mitatu ya mwanzo tofauti haionekani sana, kwa sababu walimu tunachanganya lugha na maswali ni mepesi. Baadae inafunguka.

Mwenzangu wa Sayansi alinionesha karatasi ya msichana mmoja. Swali lilitaka kazi mbili za mzizi wa mmea. Yule mtoto kaandika kwa Kiswahili, kwa hati nzuri: "kuushika mti usianguke na kufyonza maji." Kapata sifuri, kwa sababu jawabu linatakiwa kwa Kiingereza. Ukutani ilisomeka Sayansi 38, na mzee wake akahukumu mtoto hajui sayansi. Na kwangu hivyo hivyo: nikiandika namba tupu, mtafute asilimia 15 ya 2,000, darasa zima linanyoosha vidole. Nikiiandika kwa maneno, kuwa mfanyabiashara kapunguza bei ya kanga kwa asilimia 15, kwa Kiingereza, nusu wanaacha tupu. Hesabu wanaijua, neno la kupunguza bei ndilo hawalijui.

Ndiyo maana nasema picha ya karatasi ya nafasi haikusaidii. Mwambie bibi au ami yake akuchukulie karatasi zenyewe alizosahihishiwa, azipige picha moja moja. Tazama wapi kaacha tupu, wapi kajaribu akakosa, na wapi kajibu sawa kwa lugha isiyotakiwa. Hayo ni maradhi matatu tofauti na dawa zake ni mbali mbali. Walimu wengi wanazirudisha karatasi. Zikitoweka zimetoweka mfukoni mwa mtoto.

Kuhusu zawadi, kwa kuwa umesema kijana alivunjika moyo baada ya kutotajwa tena mstarini. Skuli yetu ilikuwa ikiwapa zawadi watatu wa mwanzo kila mwezi, madaftari na kalamu. Majina yale yale mwaka mzima, wengine wakapiga makofi kwa mkono mmoja. Ikaongezwa zawadi ya aliyepanda nafasi nyingi zaidi. Mjanja mmoja akaifahamu haraka: mwezi huu anaacha maswali makusudi, mwezi ujao anapaa anachukua daftari zake. Tulicheka, lakini alikuwa na hoja! Sasa hivi anapewa aliyepandisha alama katika somo moja miezi mitatu mfululizo, na mahudhurio yake yawe mazuri. Si kamili, ila nimeona watoto wa katikati wakianza kuulizana alama badala ya kuulizana "wewe wa ngapi". Nyumbani nawe unaweza kufanya hivyo hivyo: mpe ahadi ya zawadi akipandisha alama za Kiingereza kutoka 40 hadi 50, usimpe kwa kuwa wa ngapi, maana nafasi yake inategemea watoto wengine 67 ambao yeye hana mamlaka nao.

Twisheni: zile za watoto hamsini ndani ya banda moja, mwalimu akiwarejelea yale yale ya asubuhi, mimi siziamini, hata kama baadhi ya wanaozisomesha ni wenzangu na watanikasirikia. Mtafutie mtu wa kumkalisha na watoto wanne watano, siku mbili kwa wiki, Kiingereza na Hisabati basi. Vyuo vya Qur-ani vingi huku vinapumzika Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo jioni za siku hizo zipo. Usimvuruge chuo chake, mtoto anayehifadhi ana kichwa cha kuhifadhi na Kiingereza pia. Ila kama skuli yao bado ina mikondo miwili na yeye anaingia mchana, mpango utabidi uwe wa asubuhi, na hapo msisitize isiwe kila siku.

Kumhamisha? Katikati ya mwaka, hapana. Skuli ya binafsi nzuri itamsaidia kwenye lugha, hilo ni kweli, lakini mtoto wa umri huo kutolewa kwa bibi yake, akaletwa mjini kwa baba anayerudi kazini usiku, akaingia darasa ambalo wenzake washazoeana, hizo ni gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya ada. Na mtihani wa kidato cha pili ndio huo mwakani. Kuna kambi, wanafunzi wanalala skuli wiki za mwisho wanasoma pamoja na walimu wao wanaowajua. Kama ni wa kuhama, bora ahame baada ya hapo. Kama karatasi zitaonesha kwamba tatizo ni Kiingereza tupu na huko kijijini hakuna mtu wa kumsaidia kabisa, nitabadilisha kauli.

Mpigie mwalimu wa darasa, si mwalimu mkuu, mkuu atakupa majibu ya jumla. Mpigie baada ya saa za skuli, na Ijumaa muache. Muulize vitu vitatu: alama za kila somo, mtoto wa katikati kapata ngapi, na siku alizohudhuria. Ukishazipata karatasi ziweke hapa, ufute jina la mtoto na la skuli, nizitazame. Za Hisabati nitakujibu mwenyewe, za Sayansi nitampelekea mwenzangu, za Kiarabu tafuta mwengine.