Pikapu ya umeme haisemi ikizidiwa, kwa hivyo kagua tobaa, kile chuma cha nyuma cha kuvutia trela, kabla hujafunga boti

Jamani hili swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona niliandike mara moja. Pikapu ya umeme yaweza kuvuta boti? Mie kazi yangu ni kuhamisha boti kwa trela, Mtwapa kwenda Kilifi, Kilifi kurudi Mtwapa kupakwa rangi, saa zengine twavuka feri Likoni twashuka mpaka Shimoni, kwa hivyo nshavuta na Land Cruiser kuukuu, nshavuta na Hilux na D-Max za dizeli, na tangu mwaka jana mteja wetu mmoja aliponunua pikapu ya umeme nimekuwa nikivuta na hiyo. Jibu ni ndiyo, yavuta. Tena yavuta kwa wepesi ambao dizeli haina, na shida yenyewe iko papo hapo kwenye huo wepesi.

Dizeli ikizidiwa utajua tu. Ukianza kupanda Mazeras inanguruma, unarudisha gia, mshale wa joto unapanda, gari zima lakwambia mzigo huu mkubwa bwana. Mota ya umeme haina habari hiyo, nguvu yake yote iko tangu tairi halijasogea, ukikanyaga inaondoka, na tani moja na nusu iliyo nyuma waweza kuisahau kabisa. Nahodha wetu, mzee ambaye sote twamwita Ami, siku ya kwanza alikaa kiti cha mbele kimya, tumefika karibu na daraja la Mtwapa akanambia, "Mwanangu, hii gari haisemi." Nkamwambia Ami si ndio raha yake, hakuna kelele. Hakunijibu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa twapeleka boti ya faiba Kilifi, futi kumi na tisa, na injini yake imening'inia nyuma na matangi mawili ya mafuta ambayo vijana walikuwa wameyaweka nyuma kabisa manake huko ndiko kulikuwa na nafasi. Tumepita Shariani, barabara ile ina sehemu za matengenezo, unatoka kwenye lami unaingia kwenye vumbi unarudi kwenye lami, na kwenye kingo moja kati ya hizo nikasikia ngo! chini ya gari. Halafu kama nusu sekunde hakuna kitu. Halafu mshindo, na kwenye kioo nikaiona boti imeinama pua kama mtu anayesujudu, na Ami anapiga dashibodi kwa kiganja, "Simama, simama polepole, usikanyage breki kwa nguvu!" Trela ilikuwa imechomoka kwenye tobaa. Kilichoishika ni minyororo miwili tu, tuliifunga kwa kupishana chini ya shingo ya trela, ikaibeba ile shingo isiingie kwenye lami. Upande wa pili wa barabara matatu ilikuwa imejaa watu inakuja. Bado nikiifikiria hiyo matatu napata baridi.

Tukakaa kando ya barabara tukaangalia. Kapla ya trela, lile kombe linaloshika boli, yaani ile tufe ya chuma ya kwenye tobaa, ilikuwa nzima, lachi yake, lile komeo, imefungwa na pini iko. Hakuna kilichokatika. Nikachukua brashi ya waya nikasugua kutu juu ya boli, na pale kichwani kukatokea namba: inchi 1 na thumni 7, yaani sehemu saba kati ya nane za inchi. Kapla imeandikwa milimita 50. Sasa hesabu, inchi moja na thumni saba ni kama milimita 47.6, yaani kuna pengo la zaidi ya milimita mbili ambalo kwa macho hulioni, lachi inafunga, pini inaingia, ukitikisa kwa mkono unaona iko sawa. Lakini trela ikirushwa juu kwenye shimo kapla yaweza kuruka boli. Fundi aliyeweka ile tobaa alitumia boli iliyokuwa karakana, na mie nlifunga trela zaidi ya mara kumi bila kusoma namba, hilo ni kosa langu na silikatai.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kuuliza gari lavuta kilo ngapi, soma namba mbili, ya kwenye boli na ya kwenye kapla, zilingane. Trela zetu hapa Pwani zimetoka kila mahali, kuna za milimita 50, kuna za kutoka Marekani zenye inchi 2 na inchi 2 na thumni 2 na nusu, ile kubwa. Usiamini jicho. Ukishafunga, chukua jeki ya trela, inyanyue shingo mpaka nyuma ya gari ipande kidogo. Kama imeshika itapanda na gari, kama haikushika itachomoka hapo hapo ukiwa umesimama, ambapo haidhuru mtu. Hiyo yachukua dakika moja tu.

Ile ngo nayo nataka niizungumzie, manake ndiyo faida moja ya hii gari kutokuwa na kelele. Kwenye dizeli husikii tobaa ikilia. Kwenye ya umeme nasikia kila kitu, boli ikicheza, mnyororo ukigusa, beringi ya trela ikikauka grisi. Siku ile ilikuwa ikilia tangu tumetoka nikadhani ndivyo zilivyo. Ukisikia kugonga usiongeze redio, simama uangalie.

Sasa uzito. Tulipofika Kilifi, baada ya kuazima boli sahihi na kutembea kilomita ishirini kwa saa roho mkononi, Ami alisema boti ilikuwa nyepesi mbele, na kweli. Tuliazima mizani kwa mwenye skrepu tukaweka shingo ya trela juu, ikasoma kilo 60. Boti na trela pamoja ni kama kilo 1,400. Inatakiwa ile shingo ikalie boli kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, yaani kwetu sisi kilo 140 hadi 210. Ikiwa chini ya hapo trela inaanza kuyumba yumba kama mkia wa samaki ukienda kasi, na kwenye kila tuta inataka kuruka juu. Tulihamisha matangi mbele na tukasogeza boti kwenye trela kidogo tu, ikafika 150, na tofauti njiani ni ya usiku na mchana. Kama huna mizani ya skrepu tumia ile ya kupimia watu. Ikiwa mzigo ni mzito kwake, laza ubao, upande mmoja uegemee tofali, upande mwengine mizani, shingo ya trela ikae theluthi moja ya urefu kutokea kwenye tofali, halafu utakachosoma zidisha mara tatu.

Na kumbuka kilo hizo za shingo zahesabiwa kama mzigo wa gari. Pikapu ya umeme ina betri nzito tayari, kwa hivyo ukiweka watu watano, nanga, kamba, madumu na bado kilo 150 za shingo, waweza kupita kiwango cha gari hata kama trela yenyewe iko ndani ya kiwango.

Na kiwango chenyewe usikikisie kwa kuangalia umbo. Pikapu mbili za umeme zafanana kama pacha na moja yavuta mara tatu ya nyengine. LDV eT60 kule Australia imeruhusiwa kuvuta kilo 1,000 za trela yenye breki. Hilux ya umeme iliyotangazwa mwaka 2025, ya Ulaya ni kilo 1,600, na wewe umezoea Hilux ya dizeli ya 3,500. BYD Shark 6 ya mwanzo, ambayo ni ya umeme na petroli pamoja, ni 2,500. Isuzu D-Max ya umeme wao wameiweka kwenye 3,500 sawa na ndugu yake ya dizeli. Zile kubwa za Marekani, Ford F-150 Lightning yafika kama kilo 4,500, Rivian R1T na Tesla Cybertruck karibu 5,000. Hizo namba ni za gari tu. Nguvu ya kweli ni ya kile kilicho dhaifu kuliko vyote pale nyuma, gari, tobaa, boli, pini, kapla, mnyororo, kila kimoja kina kiwango chake kimeandikwa au kimepigwa muhuri, na ile ndogo kuliko zote ndiyo yako. Boli ya kilo 1,500 nyuma ya gari la kilo 3,500 ni kilo 1,500.

Mwaka 2024 kuna video ya Marekani ilizunguka sana, huenda hata wewe uliiona, Cybertruck inaivuta Ford kwa mnyororo na kipande cha nyuma cha chesi kikakatika kikaondoka pamoja na tobaa. Watu hapa walicheka wakasema magari ya umeme ni makaratasi. Mie sikubaliani. Lile gari lilikuwa limeteswa sana kabla, na kuvuta gari kwa kustukiza na mnyororo ni kitu chengine kabisa na kuvuta trela. Lakini kuna la kujifunza: sehemu ile ni ya alumini ya kumiminwa kwenye kalibu, na alumini ya namna hiyo ikipita kiwango mara nyingi inapasuka ghafla, wakati chuma cha kawaida kinaanza kwa kupinda na wewe unaona. Kwa hivyo kama gari lako limegongwa nyuma, hata kidogo, au tobaa imegusa chini wakati wa kupanda ukingo, lala chini uangalie nyufa kabla ya kuvuta tena.

Na hapa naomba sana vijana wa ufukweni wanisikilize. Gari likikwama mchangani, USIFUNGE kamba kwenye boli ukavuta kwa kurukia. Boli imeundwa kubeba na kuvuta pole pole, ikikatika yaruka kama risasi na imeshaua watu sehemu nyingi duniani. Na pikapu ya umeme ndiyo mbaya zaidi kwa hili kwa sababu ina nguvu yote kwa mpigo. Tumia pete za kuokolea zilizo kwenye chesi, wengine wote wasimame mbali, au chimba mchanga upunguze upepo wa tairi kwanza.

Kitu chengine, usimpeleke fundi wa kuchomelea akuwekee tobaa ya kubuni kama tulivyozoea. Chini ya hizi gari kuna betri na nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme mkubwa, toboa pasipo pake uone. Nunua tobaa iliyotengenezwa kwa gari hilo, ifungwe kwa bolti kwenye matundu yake, ikazwe kwa spana ya kipimo.

Njiani, ondoka pole mpaka trela ijikaze ndio ukanyage. Ukiinua mguu, gari lajifunga breki lenyewe kurudisha chaji, na trela yaisukuma nyuma, kwenye lami iliyonyesha inaweza kukukunja, kwa hivyo weka hali ya kuvuta trela kama ipo. Betri ikiwa imejaa kabisa ile breki ya mota huwa haina pa kuuweka umeme, unabaki na breki za kawaida. Umbali nao hesabu nusu, boti inakamata upepo sana. Kwa hivyo safari ndefu utasimama kuchaji, na sehemu nyingi za kuchaji hazina nafasi ya trela, utaifungua. Hapo ndipo naogopa zaidi. Na dizeli unafunga mara moja asubuhi, hii unafunga mara mbili, na ile ya pili uko barabarani, umechoka, jua kali, mteja anapiga simu. Fanya ukaguzi wote upya, boli, lachi, pini, jeki, minyororo, taa.

Kwenye kushusha boti majini, chomoa waya wa taa kwanza na uache beringi zipoe, zikiingia baharini zikiwa moto zinafyonza maji ya chumvi ndani. Boli na tairi za nyuma za gari zisiingie maji kama unaweza kuepuka, ongeza kamba au subiri maji yajae. Halafu siku hiyo hiyo osha kwa maji matamu, trela na tobaa na chini ya gari. Mteja wetu alikuwa aona nampotezea maji, mpaka nlipomlaza chini na tochi nikamwonyesha pale bolti ya chuma inapoingia kwenye alumini, kumeota unga mweupe, akapitisha kidole ukamshika kama chumvi ya kupikia, na gari halina hata mwaka. Tulifungua bolti zile, tukasafisha, tukapaka grisi, tukakaza upya. Siku hizi tukirudi Mtwapa yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kushika mpira wa maji.